Je, Madhara Madogo ya Wengi Yaweza Kujumlishwa?

1. Utangulizi

Mchungaji anayeongoza kikao cha Baraza la Wazee hujikuta, mara nyingi kuliko alivyotazamia alipokuwa chuoni, akigawa kisichotosha. Tuchukue mfano wa kubuni. Mfuko wa diakonia wa usharika una fedha za kutosha jambo moja tu, na mbele ya Baraza kuna maombi mawili. Ombi la kwanza ni la kununua viti vyenye egemeo kwa ajili ya washarika mia nne, ambao kila Jumapili huketi kwenye mabenchi magumu na kurudi nyumbani wakiumwa mgongo. Ombi la pili ni la fundi viatu mmoja aliyevunjika nyonga, ambaye asipofanyiwa upasuaji hatatembea tena. Mzee mmoja anasimama na kusema kwa nia njema kabisa: "Wengi wape. Huyu ni mmoja, na wale ni mia nne." Mwingine anajibu: "Lakini hao mia nne wanaumwa mgongo tu." Kikao kinanyamaza, na macho yote yanamgeukia mchungaji.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mchungaji huyo, pamoja na mwanafunzi wa theolojia ambaye kesho atakuwa mahali pake, kuelewa ni nini hasa kinachobishaniwa hapo. Swali lenyewe laweza kuwekwa kwa maneno machache: je, madhara madogo yanayowapata watu wengi yaweza kujumlishwa hata yakazidi uzito wa dhara kubwa linalompata mtu mmoja au wachache? Tutaonyesha kwamba methali yetu, haba na haba hujaza kibaba, ni kweli kwa sharti moja, nalo ni kwamba haba hizo ziangukie kibaba kimoja. Sharti hili likisahauliwa, hesabu yaweza kuwa sahihi na hukumu ikawa ya dhuluma. Likikumbukwa, hutusaidia pia kuyaona madhara mengine yaitwayo madogo ambayo kwa kweli si madogo.

2. Orodha ya Oregon

Swali hili halikai darasani tu. Katika jimbo la Oregon, nchini Marekani, liliwahi kuulizwa na serikali, na jibu lake likaandikwa mbele ya macho ya watu wote.

Mwaka 1987 bunge la jimbo hilo lilisitisha malipo ya upandikizaji wa viungo kwa maskini waliotibiwa kwa mpango wa serikali uitwao Medicaid. Hoja ilikuwa kwamba fedha zilizotumika kwa wagonjwa wachache zingeweza kuwapatia watu wengi zaidi huduma za msingi. Mwaka huohuo mtoto wa miaka saba mwenye saratani ya damu, aliyehitaji kupandikizwa uboho, alifariki wakati jamaa zake wakichangisha fedha za matibabu. Mjadala mkubwa ukazuka. John Kitzhaber, ambaye alikuwa daktari na pia rais wa seneti ya jimbo, aliongoza juhudi zilizozaa sheria ya mwaka 1989. Kwa sheria hiyo iliundwa tume ya kuzipanga huduma zote za afya kwa utaratibu wa umuhimu, ili maskini wote wapate huduma zilizo juu ya mstari fulani, na zilizo chini ya mstari huo zisilipiwe.

Orodha ya kwanza ilitolewa mwaka 1990. Ilikuwa na tiba zipatazo 1,600, zikiwa zimepangwa kwa kulinganisha gharama ya kila tiba na faida yake. Watu walipoisoma walishangaa. Kulifunika jino lililotoboka hadi karibu na kiini chake kulikuwa juu ya upasuaji wa mwanamke ambaye mimba yake imetunga nje ya mji wa mimba. Vifaa vya kutuliza maumivu ya kiungo cha taya vilikuwa juu ya upasuaji wa kidole tumbo. Mwenye jino bovu anaweza kusubiri. Mwenye mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, au mwenye kidole tumbo kilichovimba, asipopasuliwa huweza kufa.

Ilikuwaje? Baadhi ya takwimu zilikuwa na kasoro, lakini hiyo si sababu yote. Kulifunika jino moja kulikadiriwa kugharimu takriban dola 38, na ule upasuaji zaidi kidogo ya dola 4,000. Maana yake ni kwamba kwa gharama ya kumwokoa mwanamke mmoja yangefunikwa meno ya watu wapatao 105. Daktari David Eddy alieleza mwaka 1991 kwamba msomaji wa orodha alilinganisha tiba moja na tiba moja, hali hesabu ilikuwa imelinganisha upasuaji mmoja na meno zaidi ya mia. Haba na haba za wenye meno zilikuwa zimejazwa katika kibaba kimoja, na kibaba hicho kikawekwa kwenye mizani dhidi ya uhai wa mtu.

Tume iliiacha kanuni ile. Katika orodha mpya ya mwaka 1991, yenye tiba 709, huduma zilipangwa kwanza katika makundi 17, na kundi la juu kabisa lilikuwa la tiba zinazozuia kifo na kumrudishia mgonjwa afya yake kamili. Mpango ulianza kutekelezwa Februari 1994. Tume haikuwa ya wanafalsafa waliofundishwa kupinga hesabu. Ni watu wa kawaida walioona kwamba hesabu ilikuwa imejibu swali ambalo haikupaswa kulijibu peke yake.

3. Nguvu ya hoja ya jumla

Kabla ya kuikosoa hoja ya kujumlisha hatuna budi kuitendea haki. Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu chake cha mwaka 1789 juu ya misingi ya maadili na utungaji wa sheria, alifundisha kwamba tendo hupimwa kwa raha na maumivu linayoleta: ukali wake, muda wake, uhakika wake, na pia idadi ya watu wanaoguswa. Katika hesabu hiyo maumivu ya mfalme hayana uzito kuliko maumivu ya mchunga mbuzi. Kwa watu walioishi katika jamii ya matabaka fundisho hili lilikuwa la ukombozi, nasi tusiosahau jinsi wakubwa wachache walivyowahi kutumia mali ya umma kwa anasa zao tunajua thamani yake.

Aidha, kazi nyingi njema za huduma hutegemea kuhesabu. Anayegawa chanjo, anayechimba kisima, na anayepanga zahanati ijengwe wapi, wote huuliza watafikiwa watu wangapi. Asiyetaka kuhesabu kabisa huishia kumsaidia yule anayepiga kelele zaidi, au yule aliye karibu na mlango wa ofisi ya mchungaji. Kwa hiyo hatusemi kwamba kuhesabu ni dhambi. Tunauliza ni vitu gani vinavyoweza kuwekwa pamoja katika hesabu moja.

4. Ni nani anayeubeba mzigo wa jumla?

C. S. Lewis, katika kitabu chake juu ya tatizo la maumivu kilichotolewa mwaka 1940, alitoa angalizo fupi ambalo lina uzito mkubwa kwa swali letu. Ikiwa wawili wanaumwa jino kwa kiasi kilekile, hakuna mtu yeyote mahali popote anayeumwa mara mbili ya kiasi hicho. Jumla ya maumivu ni tarakimu iliyo kwenye karatasi. Haimo katika mwili wa mtu yeyote. Wahenga wetu walilijua jambo hili waliposema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maumivu daima ni ya mtu fulani.

Turudi kwa washarika mia nne. Kila mmoja anaumwa mgongo kidogo, na ikifika jioni amepona. Hakuna hata mmoja kati yao anayebeba migongo mia nne. Lakini fundi viatu anaibeba nyonga yake yote, usiku na mchana, yeye peke yake. Tukimwita mshariki mmoja mmoja na kumwuliza, "Je, maumivu yako yatosha kuwa sababu ya ndugu huyu kutotembea tena?", ni vigumu kumpata atakayejibu ndiyo. Na kama hakuna hata mmoja mwenye dai la kutosha, je, madai mia nne yasiyotosha yanapataje kuwa dai moja linalotosha?

Mwanafalsafa T. M. Scanlon, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya yale tunayowiwa sisi kwa sisi, alilieleza jambo hili kwa mfano ambao umejulikana sana. Fundi mmoja ameangukiwa na mtambo katika chumba cha kurushia matangazo ya televisheni. Mkono wake umebanwa na anapigwa na umeme kwa maumivu makali. Kumtoa kunahitaji kuzima matangazo kwa dakika kumi na tano, wakati watu wengi mno wanatazama mchezo wa Kombe la Dunia ambao utamalizika baada ya saa moja. Je, tungoje mchezo umalizike? Scanlon anasema tusingoje, wala haidhuru watazamaji wawe wangapi. Kinachopaswa kulinganishwa ni dai la fundi na dai la mtazamaji mmoja mmoja. Msingi wake ni kwamba tendo hupaswa kuwa na haki mbele ya kila mtu linayemgusa. Aliyebanwa mtambo hawezi kuambiwa ateseke kwa ajili ya furaha ya kitu kiitwacho "umma", kwa sababu kitu hicho hakina mkono wala neva.

5. Je, idadi haina maana yoyote?

Hapa twahitaji tahadhari, maana wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1977 mwanafalsafa Mmarekani John Taurek aliuliza katika makala yake kama idadi yapasa kuhesabiwa kabisa. Alitoa mfano wa dawa kidogo ambayo yaweza kumwokoa mtu mmoja anayeihitaji yote, au watu watano ambao kila mmoja anahitaji sehemu ya tano tu. Taurek alisema kwamba, kwa kuwa kila mmoja wa sita hao apoteza kitu kilekile, yaani uhai wake, ingefaa kurusha sarafu ili kila mmoja apate nafasi sawa.

Hatuwezi kumfuata hadi hapo. Derek Parfit alimjibu mwaka 1978 kwamba ni kwa sababu kila mtu ana uzito sawa ndiyo maana watano wana uzito kuliko mmoja. Scanlon naye aliona kwamba, tukiamua kwa namna ileile awepo mmoja upande wa pili au wawepo watano, basi wale wanne walioongezeka wametendewa kana kwamba hawakuzaliwa. Mahali ambapo madhara ya pande mbili yanafanana kwa uzito, idadi hutoa uamuzi. Baraza likiwa na mafundi viatu wawili upande mmoja na mmoja upande wa pili, wote wakiwa na nyonga zilizovunjika, liwasaidie wale wawili, na limlilie yule mmoja.

Kwa hiyo kuna ngazi mbili za kupima. Katika ngazi ya kwanza tunauliza kama dhara la upande mmoja, likitazamwa ndani ya mtu mmoja, linaukaribia uzito wa dhara la upande wa pili. Lisipokaribia, halina haki ya kuingia mizani hiyo, hata likizidishwa mara elfu. Frances Kamm, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1993, alitoa mfano wa maumivu madogo ya koo: hayana nafasi katika uamuzi wa nani aokolewe na mauti. Katika ngazi ya pili, baada ya madhara yasiyokaribiana kuondolewa, ndipo tunapohesabu watu.

Mpinzani atauliza: mpaka uko wapi? Kupoteza miguu yote miwili kwakaribia kufa. Kupoteza mguu mmoja kwakaribia kupoteza yote miwili. Na tukishuka hivyo hatua kwa hatua tutafika kwenye maumivu ya kichwa. Hoja hii ni nzito, nayo ilitumiwa kwa ustadi na Alastair Norcross mwaka 1997. Jibu letu ni kwamba ukaribu haurithishwi. Moshi i karibu na Arusha, Same i karibu na Moshi, na tukiendelea hivyo tutafika Dar es Salaam. Hata hivyo hakuna aishiye Arusha anayeiita Dar es Salaam jirani yake. Dhara hupimwa kwa ukaribu wake na jambo lililo mbele yetu sasa, wala si kwa mnyororo wa majirani wa majirani. Tunakiri kwamba jibu hili lina gharama. Anayelikubali hawezi tena kuyapanga madhara yote ya dunia katika mstari mmoja ulionyooka, kama tume ya Oregon ilivyojaribu. Tunaona ni afadhali kulipa gharama hiyo kuliko kumwacha mtu afe kwa ajili ya meno ya wengine.

6. Madhara madogo ambayo si madogo

Mpaka hapa msomaji aweza kudhani kwamba tumeyafukuza madhara madogo yote. Sivyo. Tumesema tu kwamba haba zisizoangukia kibaba kimoja hazikijazi. Zipo haba ambazo zaonekana kutawanyika, nazo kumbe zinaangukia kibaba kilekile. Tunataja aina tatu.

Aina ya kwanza ni haba zinazomrudia mtu yuleyule. Mkulima wetu anamjua vizuri mnunuzi wa lumbesa, ambaye hushindilia mazao katika gunia na kulishonea kilemba juu, kisha hulilipia kama gunia moja. Debe moja lililozidi si msiba. Lakini huzidi msimu baada ya msimu, kwa mkulima yuleyule, hata siku moja ada ya shule ya mtoto inakosekana. Martin Luther aliliona hili alipofafanua amri ya saba katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529. Hakuishia kwa mwizi avunjaye nyumba. Alimgeukia mfanyabiashara wa sokoni mwenye vipimo na bei za hila, ambaye humnyang'anya maskini kidogo kidogo kila siku, naye huendelea kuitwa mtu mwema.

Hapa ndipo wastani unapodanganya. Ada ndogo ya huduma ni haba kwa mtumishi mwenye mshahara, nayo ni mlima kwa bibi kizee asiye na mtu. Tanzania ilipoanza utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama katika hospitali za serikali mwaka 1993, uliwekwa pamoja nao utaratibu wa msamaha kwa makundi fulani na kwa wasio na uwezo. Sababu yake inaeleweka: jina "ada ndogo" humsema mtu wa kati, wala halimsemi kila mtu. Kabla hatujasema kwamba mzigo wa wengi ni mdogo, yatupasa kuuliza kama miongoni mwa hao wengi wamo wachache ambao kwao ni mkubwa. Hata kati ya washarika mia nne huenda yumo mzee ambaye benchi gumu humlaza kitandani siku tatu. Huyo asihesabiwe kama sehemu ya wengi. Apewe kiti chake wiki hii.

Aina ya pili ni haba zitokazo katika mikono mingi na kumwangukia mmoja. Katika kitabu chake cha mwaka 1984 Parfit aliwaza watesaji elfu moja, ambao kila mmoja anasogeza swichi kwa kiasi kidogo mno, hata aliyefungwa mashine hawezi kuitambua tofauti. Mwisho wa siku aliyefungwa anateseka vikali, na kila mtesaji anasema, "Mimi sikumwumiza." Usharika unaomsengenya binti mmoja unafanana na watesaji hao. Kila mmoja amenong'ona neno moja tu. Aliyeyasikia yote ni mmoja. Hapa methali yetu ni kweli tupu, maana kibaba ni kimoja. Anayesema "changu kilikuwa kidogo" ameihesabu haba yake na kukisahau kibaba.

Aina ya tatu ni ngumu kuliko zote, nayo ni hatari ndogo inayotawanywa kwa wengi. Norcross aliuliza: ikiwa hatukubali mtu afe ili wengi waondolewe usumbufu mdogo, mbona tunaruhusu magari kwenda mwendo wa kasi barabarani? Twajua kwamba tukipunguza mwendo watu kadhaa wataokoka, nasi tunakataa kwa sababu wengi wangechelewa kidogo. Jibu la kawaida ni kwamba kila msafiri hupokea faida ya kufika mapema na hubeba hatari ndogo ya ajali, na kwake mwenyewe biashara hiyo yaweza kuwa ya busara. Hakuna aliyechaguliwa kabla awe kafara ya wengine.

Jibu hilo lina nguvu, lakini haliwafikii wote. Kando ya barabara kuu ya Arusha hadi Moshi yupo mama anayevuka kila asubuhi na ndizi kichwani, naye hapandi basi hata mara moja kwa mwezi. Anaibeba hatari, na faida inapita mbele yake kwa kasi. Kwake hatari hiyo si bei ya safari yake mwenyewe. Hivyo tuta la barabarani mbele ya soko au shule, ambalo huwachelewesha abiria maelfu kwa nukta chache, ni jambo la haki. Hatari ndogo inayowaelemea watu walewale haipaswi kuhesabiwa kama haba iliyotawanyika.

7. Mwanga wa Maandiko na mapokeo yetu

Mhubiri aweza kushawishika kulimaliza suala hili kwa fungu moja la Maandiko. Tunashauri asiharakishe. Mfano wa kondoo aliyepotea (Lk 15:3-7) mara nyingi hutumiwa kuthibitisha kwamba mmoja ni bora kuliko tisini na kenda. Lakini mfano huo husema juu ya furaha ya mbinguni kwa mwenye dhambi anayetubu. Haukutolewa kuwa kanuni ya bajeti. Vivyo hivyo, shauri la Kayafa kwamba yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya taifa (Yn 11:49-50) si mfano kamili wa swali letu, kwa maana upande wake wa pili aliweka maangamizi ya taifa zima, na jambo aliloshauri lilikuwa kumwua asiye na hatia. Linatufundisha jambo lingine, nalo ni jinsi neno "wengi" linavyowatoka kwa wepesi wale ambao wenyewe hawamo katika hatari.

Mafungu mengine yanaligusa suala letu kwa karibu zaidi. Katika Mdo 6:1-6 wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakujibu kwamba kwa ujumla huduma inakwenda vizuri. Waliwatazama waliosahauliwa, wakaweka watu saba washughulikie jambo lile. Na Paulo, katika 1 Kor 12:22-26, asema juu ya mwili ambao kiungo kimoja kikiumia, vyote huumia nacho. Mtu aweza kudai kwamba, ikiwa kanisa ni mwili mmoja, basi hicho ndicho kibaba kimoja tulichokuwa tukikitafuta, na maumivu madogo ya washarika mia nne yaweza kujumlishwa humo. Lakini tuangalie mwelekeo wa maneno ya Paulo. Asemalo ni kwamba maumivu ya mmoja huwafikia wengi, na kwamba viungo vilivyo dhaifu hupewa heshima zaidi. Hasemi popote kwamba starehe ndogo za viungo vingi zaweza kufidia kuvunjika kwa kiungo kimoja.

Mapokeo yetu ya Kilutheri nayo yana mfano wa kutendeka. Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig, huko Saxony, ulianzisha hazina ya pamoja ya usharika, na Luther akauandikia mwongozo wake dibaji. Hazina hiyo ilisimamiwa na watu kumi waliochaguliwa kutoka kwa wakuu, halmashauri ya mji, wenyeji wa mji na wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, ili kundi moja lisiweze kulifungua bila mengine. Fedha zake zilikuwa kwa ajili ya yatima, wazee, wagonjwa na wahitaji, pamoja na mchungaji, shule na majengo. Na zisipotosha, kila mtu alitakiwa kuchangia kwa mwaka kadiri ya uwezo wake. Huu ndio uwiano tunaoutetea: mzigo mwepesi hutawanywa kwa wengi ili mzigo mzito usimponde mmoja. Idadi kubwa ya watu wenye uwezo mdogo, ambayo mwanzo ilionekana kuwa sababu ya kumnyima mmoja, hapa inakuwa njia ya kumsaidia.

8. Maswali kwa Baraza la Wazee

Kutokana na hayo tunapendekeza maswali manne ambayo mchungaji aweza kuyaweka mbele ya kikao kabla ya kupiga kura.

Kwanza, upande huu na upande ule, ni nani anayepata hasara kubwa kuliko wote, naye atapoteza nini? Atajwe kwa hali yake, asifichwe ndani ya neno "washarika" wala "jamii". Pili, je, hasara ya mtu mmoja upande huu inaikaribia hasara ya mtu mmoja upande ule? Isipoikaribia, tusianze kuhesabu vichwa. Ikiikaribia, tuhesabu, wala tusione haya. Tatu, je, haba hizi zimetawanyika kweli, au zinawarudia watu walewale kila mwaka? Nne, je, inawezekana mzigo mkubwa ugawanywe uwe midogo mingi?

Swali la nne mara nyingi hufungua mlango ambao maswali mengine hayakuuona. Washarika mia nne wakiambiwa wazi kwamba watakaa mwaka mmoja zaidi kwenye mabenchi ili fundi viatu atembee, wengi watakubali, na baadhi yao wataongeza sadaka. Lakini waambiwe. Kuwabebesha watu mzigo mdogo kwa siri, hata kwa sababu njema, ni kuwatendea kama tarakimu, na tarakimu ndizo tulizokuwa tukizikwepa tangu mwanzo.

9. Hitimisho

Tumesema kwamba madhara madogo ya watu wengi hayawi dhara kubwa kwa kuwekwa pamoja kwenye karatasi, kwa kuwa hakuna mtu anayeibeba jumla yake. Tumesema pia kwamba mahali madhara yanapokaribiana, idadi ina haki yake, na kwamba yako madhara yaitwayo madogo ambayo humjaa mtu mmoja hadi yakamwagika. Kazi ya mchungaji katika kikao ni kulifuata kila dhara hadi kwa mtu anayelibeba, kisha kuwauliza wazee wake kama wangeweza kumweleza mtu huyo uamuzi wao ana kwa ana.

Mzee aliyesema "Wengi wape" ana jambo la kweli, nalo lisidharauliwe: wengi wana haki ya kusikilizwa, nao ndio wenye sadaka. Basi wapewe nafasi ya kutoa. Mwaka ujao, fedha zikipatikana, viti vinunuliwe, na fundi viatu naye achangie.